Tairi la Nyuma la Kushoto

Jumamosi, tarehe tano mwezi wa saba. Upepo umevuma tangu alfajiri, mawingu yako chini mpaka nguzo za umeme za Kihesa hazionekani vichwa. Hakuna mvua. Baridi.

Hayo ndiyo niliyoandika kwenye daftari langu siku ile kabla ya chai, na sikuandika kingine. Yaliyobaki nayaandika sasa kutoka kichwani. Niliishia darasa la saba, na mume wangu husema naandika kama mtu anayeanua nguo mvua imeshaanza, nachukua chochote kilicho karibu na mkono. Nitajitahidi kufuata mstari. Tena nitajitahidi kumtendea haki kila mtu, pamoja na yule ambaye siku ile nilimwogopa kuliko kawaida.

Mume wangu hutembeza wageni. Alianza kwa miguu, akiwapandisha watu Ziwa Ngosi na kuwashusha, mpaka magoti yakaanza kumsumbua. Mwaka huu wazungu wawili, mke na mume waliokuwa wakizunguka Afrika, walimalizia safari yao Iringa, na trela lao la kulala wakaliacha kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihesa aliuze. Ni sanduku la bati lenye magurudumu mawili. Ukilifungua linasimama hema lenye vitanda, na ubavuni ukivuta droo unakuta jiko la gesi na sinki. Picha zake mume wangu alinionyesha mara nne jioni moja. Mpango ukawa yeye apeleke wageni Kitulo wakati wa maua na Ruaha wakati wa kiangazi, na mimi nipike kwenye lile droo. Likabaki gari la kulivuta.

Kuchagua gari ilikuwa kazi ya baba mkwe, hilo halikuwa na mjadala. Aliendesha malori Tunduma mpaka Dar tangu mume wangu hajazaliwa, na hajawahi kupindua hata mkokoteni. Kwanza alipelekwa kwa dalali pale Soweto, hapahapa Mbeya, kuona gari moja la petroli, jeupe, linang'aa, viti bado vina nailoni. Mume wangu alinisimulia kwamba mzee alilizunguka mara moja tu, akainama nyuma, akainuka.

"Hii gari ya kupeleka bibi harusi kanisani," akasema. "Kuvuta, hapana."

Alisema kweli. Injini ilikuwa ndogo, na kile chuma cha kushikia trela kilikuwa kimechomelewa kwenye bampa badala ya chasisi. Mlima wa kwanza tu bampa lingebaki na trela, gari lingeendelea na safari. Basi likabaki gari la pili, lililokuwa palepale yadi ya Kihesa lilipokuwa trela. La dizeli, la zamani, four-wheel ya kweli yenye mkono wa pili wa gia kwa ajili ya milimani, springi nene, chuma cha kuvutia kimefungwa kwa bolti kwenye chasisi. Hata mimi kwenye picha nililipenda. Nisije nikasema leo kwamba nililitilia shaka tangu mwanzo. Sikulitilia.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo mtu ataniuliza kwa nini sikufungua mdomo mapema. Mimi ni Mhehe wa Ilula. Nimeolewa na Wanyakyusa, na kwao mkamwana humwogopa baba mkwe. Si woga wa kupigwa, ni heshima. Humtazami usoni, husemi naye, hukai naye chumba kimoja, hupandi naye gari moja. Wengi Mbeya siku hizi wameacha, wanakumbatiana kabisa kwenye picha za harusi. Ukoo wa mume wangu haujaacha. Miaka tisa nimeishi na yule mzee nyumba moja pale Ilomba, yeye sebuleni, mimi jikoni, na namjua kwa kikohozi chake na viatu vyake kuliko kwa uso. Ukiwa na neno la lazima kabisa, unamwambia mtoto uliyembeba, hata kama ni mchanga hajui lolote, na mkwe akitaka atakuwa amesikia. Sijawahi kulalamika. Nawajua wanawake ambao baba wakwe zao wanawasemesha kutwa nzima, na wanatamani wasingesemeshwa.

Kwa hiyo Ijumaa wao walitangulia na basi la alfajiri, mzee, mume wangu, na binti yetu wa miaka saba aliyelia mpaka akachukuliwa. Mimi na mtoto wa mgongoni tulifuata na basi lililofuata, maana ilibidi nilione jiko.

Yule mfanyabiashara ni mtu wa asili ya pwani, mpole, kofia yake safi. Mke wake alinipa chai ya tangawizi kabla sijaketi vizuri. Adhuhuri ilipokaribia mume wake, mwenye yadi, alimkabidhi mzee ufunguo wa gari.

"Mzee wangu, mimi naenda msikitini. Lijaribuni mpaka mchoke. Nililetewa kama lilivyo, nami naliuza kama lilivyo. Ubaya wake ukiuona, niambie na mimi niujue."

Mtu anayeficha kitu hasemi hivyo, au ndivyo nilivyoona. Nimeyarudia maneno yale mara nyingi na bado naona hivyo.

Nilisimama nyuma ya trela, mahali pangu, kanga kichwani. Mzee alifungua boneti. Alichomoa kijiti cha oili, akainusa, akaisugua kati ya vidole kutazama kama imeingia maji. Alimwambia mume wangu akanyage mafuta huku yeye akitazama rangi ya moshi. Aliigonga chasisi kwa jiwe kutoka mbele mpaka nyuma, akisikiliza kama daktari. Chuma cha kuvutia alikipanda kwa miguu yote miwili. Saa nzima na zaidi. Sijawahi kuona mtu akikagua gari namna ile. Lakini kiuno chake kina umri, na chini ya ekseli ya nyuma hakuingia. Matairi ya nyuma aliyapiga teke tu.

Halafu akalijaribu breki pale uwanjani, kwenye changarawe. Mara tatu alikuja kasi, mara tatu likasimama. Mara ya mwisho lilisimama karibu na trela, nikasikia harufu ya vumbi la moto. Wakashuka wakicheka, wakaenda ofisini kusubiri karatasi.

Nikatoka. Sijui nilikuwa natafuta nini. Nyuma ya tairi la kulia udongo ulikuwa umechunwa, umeburuzwa, kama vile inavyotakiwa tairi likishikwa na breki. Nyuma ya tairi la kushoto kashata za tairi, yale meno yake, zilikuwa zimejichapa wazi, moja moja, nzuri kabisa, kama muhuri wa posta. Matairi matatu yalikuwa yameburuzwa. Hili la nne lilikuwa limetembea tu.

Kaka yangu alikuwa fundi wa barabarani Ilula, jirani na meza yetu ya nyanya. Magari yaliyopanda mlima wa Kitonga yalifika kwake yamechoka, mengine yanavuja oili ya breki kwenye tairi moja, na spea hakuna. Alichofanya ni kuikunja ile paipu nyembamba inayopeleka oili kwenye tairi lile, akaigonga juu ya jiwe mpaka ikaziba, halafu ikafungwa kwa ukanda wa tyubu. Tairi hilo linabaki bila breki, lakini mengine matatu yanashika. "Itakufikisha mjini," alikuwa akisema. "Ukifika, tengeneza." Na wenye magari waliahidi. Mafundi wa Ilula walikuwa wakifanya hivyo, hakuna aliyeona ni ubaya. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Nilikata zile kanda za tyubu kwa wembe. Na kufunga nilifunga mimi, maana vidole vyangu vilikuwa vidogo, vilipenya. Nilifunga kama tunavyofunga tenga la nyanya, mzunguko mara mbili kisha ncha inapita chini yake yenyewe.

Nikainama. Kwenye paipu ya kushoto kulikuwa na kitu cheusi kimezungushwa, kimeshika grisi na vumbi. Nilinyoosha mkono. Nikasikia kikohozi kinatoka ofisini, nikakimbilia nyuma ya trela, mtoto mgongoni akaamka.

Sikukigusa. Nataka hilo lieleweke. Ingeweza kuwa kitambaa. Ingeweza kuwa paipu mpya imefungwa isigonge. Simu yangu ni ya tochi, haipigi picha za maana. Nilikuwa nimeona alama kwenye changarawe na kitu cheusi, basi.

Karatasi zilichelewa, ikabidi tulale kwa mwenye yadi. Jioni, kabla jua halijazama, nilimpata mume wangu bombani ananawa miguu.

"Baba watoto, tairi la nyuma la kushoto halikamati."

"Umejuaje?"

"Nimeona alama chini."

Akacheka. "Fundi wa nyanya huyo! Mzee kakagua gari mpaka kalisikiliza mapigo, wewe umeona alama chini."

"Mwambie aingie chini ya ekseli. Aingie tu mara moja."

"Nimwambie kasema nani?"

"Sema umeona wewe."

"Mimi? Mimi ambaye tairi nabadilisha kwa kusoma maelekezo? Atajua sasa hivi. Halafu ataniuliza mke wangu alikuwa anachungulia nini chini ya gari aliyokaa yeye."

"Trela halina breki yake. Litamsukuma."

Akakung'uta maji miguuni. "Basi, asubuhi nitaona."

Simlaumu. Kumwambia baba yake neno lile ilikuwa ni kumvua nguo mbele ya mwenye yadi. Na mimi habari ya kaka yangu, habari ya tenga la nyanya, sikumwambia. Hiyo ndiyo ingemfanya aamini, nami niliizuia. Nilijiambia sina hakika. Leo nadhani niliogopa kwamba nina hakika.

Asubuhi ndiyo ile niliyoiandika. Trela lilifungwa nyuma ya gari, minyororo ikapachikwa, taa zikajaribiwa. Nilimtazama mume wangu. Akatazama mawingu. Binti yetu alikuwa ameshapanda mbele, katikati, miguu haifiki chini, anachezea kioo. Mwenye yadi na mke wake walisimama kutuaga, na majirani kadhaa waliovutwa na trela.

Anayetoka Iringa mjini kwenda Mbeya hana budi kushuka Ipogolo. Ni mteremko mfupi, lakini umesimama, na chini yake kuna barabara kuu na malori ya Zambia. Nilikuwa naona ule mteremko mbele ya macho hapohapo Kihesa, kabla hawajawasha injini.

Mzee aliweka mkono kwenye mlango. Nikatoka nyuma ya ukuta nikaja mpaka hatua tano kutoka kwake. Nilitazama chini. Viatu vyake vilisimama.

"Mwanangu," nikamwambia mtoto mgongoni, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "mwambie babu yako tairi la nyuma la kushoto halina breki."

Nilisikia upepo kwenye mabati.

Alikohoa. Alipojibu, alijibu upande wa trela. "Mjukuu wangu, mwambie aliyekubeba kwamba babu amejaribu breki jana mara tatu. Gari imesimama."

"Mwambie babu ilisimama peke yake. Leo ina mzigo mgongoni."

Mwenye yadi akaanza kusema, "Mzee wangu, kama kuna neno, tulitazame tu, hakuna haraka," na mzee akainua mkono kumzuia. Nafikiri kama watu wasingekuwepo angelala chini ya gari palepale. Nafikiri hivyo, sijui. Badala yake alisema, kwa sauti ndogo sana, "Binti, shuka. Panda na mama yako."

Mtoto alilia. Alishushwa akilia. Mume wangu alipanda alipotoka mtoto, uso wake umekuwa wa rangi ya jivu, na gari likaondoka.

Nilisimamisha bajaji, nikamwambia dereva amfuate yule mwenye trela mpaka Ipogolo. Tulilikuta mwanzo wa mteremko limepunguza mwendo mpaka watembea kwa miguu wanalipita. Injini ilikuwa inalia kwa gia ya chini kabisa, ile ya milimani. Nyuma yetu magari yalianza kupiga honi.

"Huyo mzee kabeba jeneza nini?" akasema dereva wa bajaji. "Au anatuzika sisi?"

Nilikuwa natazama taa nyekundu za nyuma ya trela. Mita baada ya mita hazikuwaka. Alikuwa hagusi breki kabisa. Alikuwa analishikilia gari kwa injini peke yake, mteremko wote, na honi zote zile, na matusi, mtu ambaye barabara nzima ilimjua kwa mwendo wa kasi. Ndipo nilipojua kwamba amenisikia. Nilianza kuhesabu nguzo zilizobaki.

Zilibaki mbili. Mtu wa mkokoteni wa kuni akaingia barabarani kutoka kushoto bila kutazama. Taa zikawaka.

Gari lilivuta kulia kama limeshikwa sikio. Trela likaja ubavuni, likasukuma, pua ya gari ikaingia upande wa wanaopanda, na huko lilikuwepo lori linapanda, naliona mpaka leo, lina turubai la bluu. Lori lilipiga honi moja ndefu. Sijui nani aliyefanya nini. Vumbi lilipopungua, lori limesimama, gari limesimama, kati yao pangepita mbuzi, si zaidi. Mwenye mkokoteni alikuwa ameketi chini, mzima, kuni zimetapakaa. Binti yangu aliacha kulia. Aliniuliza, "Mama, nilikuwa nikae pale katikati?"

Kwenye gari hakushuka mtu kwa muda. Mikono ya mzee ilikuwa juu ya usukani na haikutoka.

Walisukumwa mpaka kwa fundi chini Ipogolo. Nilisimama mbali na watoto. Fundi alijilaza, akaingia chini ya ekseli, akagonga kidogo, akatoka na kitu mkononi. Alikifuta kwenye ovaroli akawaonyesha. Ukanda wa tyubu, mweusi, mgumu kama mfupa, na fundo bado liko kwenye umbo lake.

"Paipu imekunjwa hii, wazee," akasema. "Siku nyingi. Na hii ni kazi ya Ilula, wale ndio wanaofunga kama tenga la nyanya."

Mume wangu aligeuka akanitazama. Hilo nililitegemea. Lakini mzee naye aligeuka. Miaka tisa. Nilikuta macho yake yako juu yangu, mekundu, ya mzee kuliko nilivyodhani, na sikuwahi kushusha yangu kwa wakati. Akageukia gari.

Mfanyabiashara alipigiwa simu akaja mwenyewe, akalipa fundi bila kuombwa, akaapa hakujua. Namwamini. Silinda ya breki ya tairi lile ikabadilishwa, paipu mpya ikawekwa, breki zikashika miguu yote minne. Mimi na watoto tulichukua basi, tukafika Ilomba kabla yao, nikawasha moto.

Walifika giza limeingia. Nilisikia trela likiegeshwa, kikohozi, viatu kuelekea sebuleni. Mume wangu alikuja jikoni akasimama mlangoni. Nilimwambia yote, kaka, wembe, vidole. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda, akarudi.

"Baba anauliza ni magari mangapi."

"Yapi?"

"Uliyofunga wewe."

Nilijaribu kweli kukumbuka. Nilikumbuka meza ya nyanya, jiwe la kaka, nyuso za madereva waliokuwa wakiniita fundi mdogo na kuniachia sarafu. Magari sikuyakumbuka. Lile la Kihesa linaweza kuwa langu, linaweza kuwa la mwingine, pale Ilula wote tunafunga hivyo. Na yaliyo yangu, kama bado yanatembea, sijui yanashuka mlima gani wala yamebeba nani.

"Mwambie sijui," nikasema.

Akaenda kumwambia. Sikusikia jibu.

Usiku ule tulikula ndizi za kupika na maharage, watoto, mume wangu na mimi, jikoni, karibu na moto. Sahani ya mzee niliipakua ya kwanza, nikaweka na kipande cha samaki wa Kyela kilichokuwa kimebaki. Ilirudi kama ilivyokwenda, kawa juu yake haijasogezwa.